Harusi Mtwara: Julai au Novemba?

Kwa familia za Newala, Tandahimba au Masasi, tarehe ya harusi huamuliwa na korosho kabla ya shehe au padri.

Julai ni kavu. Turubai linasimama uwanjani bila wasiwasi, barabara za vijijini zinapitika, upepo wa kusi unapoza jua. Tatizo ni mifuko. Mikorosho ndiyo kwanza inajiandaa kutoa maua, mkulima fedha zote kaziweka kwenye palizi na kupulizia dawa mikorosho, na ukimpelekea kadi ya mchango atakujibu, "Ngojeni minada ya korosho, ndugu zangu." Kamati inakutana kila Jumapili, daftari limejaa ahadi, kwa mweka hazina hakuna kitu.

Novemba mambo hugeuka. Minada huanza Oktoba, malipo yanaingia benki kupitia AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, na ahadi zinalipwa. Ila kila mtu naye anaoa: ukumbi, MC na mpishi wa pilau wanagombaniwa, bei juu. Mvua nazo ziko njiani.

Mimi ningechukua Novemba, mwanzoni mwanzoni, ukumbi ukiwa umelipiwa advansi tangu Juni. Barua ya posa na mazungumzo ya mahari yamalizwe Julai. Hayo hayahitaji turubai.