Transmita ya Kiunoni ya Sennheiser SK 100 G4: Tathmini Baada ya Miaka Minne ya Kuifunga Watu

Mhadhiri anaposimama jukwaani mikono mitupu na sauti yake ikafika safu ya nyuma kabisa ya ukumbi, kazi hiyo hufanywa na kisanduku kidogo cha chuma kilichobanwa kiunoni mwake, chenye waya mwembamba unaopanda hadi kifuani. Kisanduku hicho ndicho transmita. Ninayoitathmini hapa ni Sennheiser SK 100 G4, ya kampuni ya Kijerumani iliyotoa kizazi hiki cha vifaa vyake mwaka 2018. Nimeitumia kwa miaka minne mjini Tanga na sehemu za jirani, katika mihadhara, semina, mahafali na ndoa, pamoja na risiva yake (kisanduku kinachopokea mawimbi) ya EM 100 G4 na maiki ya kifuani ya ME 2-II. Naipendekeza, lakini kwa sharti moja ambalo wauzaji wengi hawalitaji, nalo ni kwamba mnunuzi ajue masafa (frikwensi) ya kifaa kabla ya kutoa fedha.

Jina SK 100 G4 halitoshi kukutambulisha unachonunua, kwa sababu transmita hii hutengenezwa katika matoleo kadhaa, na kila toleo hufanya kazi ndani ya ukanda wa takriban MHz 42 tu ambao hauwezi kubadilishwa baadaye na fundi yeyote wa mtaani. Herufi iliyoandikwa kwenye kibandiko ndiyo inayokuambia ukanda wako: A ni MHz 516 hadi 558, G ni 566 hadi 608, B ni 626 hadi 668, C ni 734 hadi 776, D ni 780 hadi 822, na E ni 823 hadi 865. Zamani herufi hizi hazikuwa na uzito mkubwa, maana sehemu hiyo yote ya masafa ilikuwa ya televisheni, na fundi alichotakiwa kufanya ni kuepuka vituo vya mjini kwake. Hali ilibadilika pale televisheni zilipohamia katika mfumo wa kidijitali na mikutano ya kimataifa ya masafa ya mwaka 2007 na 2015 ikayafungulia mitandao ya simu masafa ya MHz 790 hadi 862, kisha 694 hadi 790, katika kanda inayojumuisha Afrika na Ulaya. Matokeo yake ni kwamba transmita yenye herufi C au D inazungumza mahali ambapo mitambo ya simu inazungumza, na yenye herufi E inagongana kwa sehemu kubwa na simu zilizomo mifukoni mwa wasikilizaji wenyewe, walioketi karibu zaidi na risiva kuliko mhadhiri.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu soko letu limejaa vifaa vilivyotumika. Marekani ilipiga marufuku maiki zisizo na waya katika masafa ya MHz 700 mwaka 2010, na mwaka 2020 ikafanya hivyo kwa sehemu kubwa ya masafa ya MHz 600. Kifaa kilichokatazwa kwao hakiharibiki kwa kukatazwa, na mwisho wake huuzwa kwa bei nafuu mahali pengine. Miaka kadhaa iliyopita, kabla sijamiliki SK 100 G4, nilinunua seti ya aina nyingine katika duka moja ambalo sitalitaja, nikaridhika na ung'aavu wake na bei yake, na sikuuliza masafa. Dukani ilifanya kazi vizuri kabisa. Ukumbini, watu mia tatu walipoingia na simu zao, sauti ilianza kukatika kila baada ya sentensi chache, na shekhe aliyekuwa akizungumza alilazimika kushika maiki ya waya hadi mwisho. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza dukani ni herufi, na bei ni swali la pili. Kwa mtu wa Tanzania au Kenya, toleo la A, G au B ndilo la kufikiria, kisha aulize TCRA (mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania) au Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya kuhusu matumizi yanayoruhusiwa mahali alipo.

Ukishakuwa na toleo sahihi, kuipanga ni kazi ya dakika chache, na hapa ndipo kifaa hiki kinapoonyesha thamani yake. Washa risiva kwanza, huku transmita zote zikiwa zimezimwa, kisha uiamuru ipekue ukanda wake na kuorodhesha masafa yaliyo wazi. Ni kosa la kawaida kupekua huku transmita moja ikiwa imeachwa mezani bila kuzimwa, kwani risiva itaihesabu kama kituo kigeni na kuyaruka masafa ambayo pengine ndiyo mazuri kuliko yote. Baada ya hapo chagua benki (kundi la masafa yaliyopangwa pamoja) na chaneli, bonyeza kitufe cha kulinganisha kwenye risiva, isogeze transmita mbele yake, na mwanga usioonekana kwa macho utahamisha masafa yale kutoka risiva kwenda transmita bila wewe kuandika tarakimu hata moja.

Ukiwa na transmita zaidi ya moja, zote ziwekwe katika benki moja. Sababu yake haionekani kwa macho lakini athari yake husikika waziwazi: mawimbi mawili yanapokutana ndani ya vifaa huzaa mawimbi mengine yasiyotakiwa, kwa mfano MHz 520 na 521 huzaa 519 na 522, na transmita ya tatu iliyowekwa kwenye 522 itakoroma hata kama upekuzi ulionyesha kwamba pale pako wazi. Chaneli za benki moja, ambazo hufika hadi 12, zimepangwa kiwandani ili zisigongane kwa namna hiyo. Waandaaji wanaokodi maiki kwa mafundi wawili tofauti ukumbini wawakutanishe mafundi hao mapema, maana kila mmoja akipanga kwa siri yake, wote wawili wataumia.

Unyeti wa maiki hupangwa kwenye transmita yenyewe, kuanzia desibeli 0 hadi -60, kwa hatua za desibeli 3. Kwa wahadhiri wengi mimi huanzia -24 na kusikiliza, lakini namwomba mzungumzaji aseme kwa sauti atakayoitumia akiwa amepandwa na hamasa, si ile ya kuhesabu moja, mbili, tatu. Taa ya manjano ikiwaka kwenye transmita, sauti imezidi na itapasuka, na hakuna kitakachofanywa kwenye mixa (meza ya kuchanganyia sauti) kuirudisha. Kosa la upande wa pili ni kuweka unyeti chini mno, ambako humlazimisha fundi kupandisha mixa, na pamoja na sauti hupanda mvumo.

Sasa nije kwenye kumfunga mtu, sehemu ambayo mwongozo wowote huieleza kwa mistari michache, nasi huku ndiko tunakotumia muda mwingi. ME 2-II husikia pande zote kwa usawa, kwa hiyo mzungumzaji akigeuza shingo sauti haipotei, lakini akipita mbele ya spika, spika zitapiga mluzi. Ibanwe kifuani, shubiri moja chini ya kidevu, na waya wake ufanyiwe kitanzi kidogo nyuma ya kibanio ili ukivutwa, uvutike kitanzi na si maiki. Kwenye shati la vifungo hakuna shida. Kanzu haina mkanda wala mfuko wa kiunoni, na transmita ikitumbukizwa kwenye mfuko wa pembeni itaning'inia, itavuta waya na kugonga paja kila hatua. Dawa yake ni mkanda wa kitambaa chenye mpira, wenye mfuko mdogo, unaofungwa chini ya kanzu kabla mtu hajatoka nyumbani. Kwa mwanamke aliyevaa hijabu, maiki ikifunikwa na tabaka mbili za kitambaa itasikika kama mtu anayezungumza chini ya shuka, na kitambaa kikisuguana nayo kutakuwa na mchakacho wa kudumu. Ni heri ibanwe juu ya ukingo wa hijabu, waya ukipita ndani.

Mikono ya nani inafunga ni suala la heshima, nami nalichukulia kwa uzito uleule ninaolichukulia suala la masafa. Mwanamke simfungi mimi. Nina binti wa kazini anayeifanya kazi hiyo faraghani, na asipokuwepo humkabidhi mzungumzaji kifaa nikamweleza nikiwa nimesimama kando: "Mama, naomba waya huu uupitishe ndani, kisha kisanduku ukibane nyuma kiunoni, antena ielekee chini." Kwa shekhe au padri huomba ruhusa kabla ya kugusa vazi lake, na huomba mapema, si wakati anapoitwa jina.

Antena isikunjwe, isifungwe pamoja na waya wa maiki, wala isilazwe juu ya ngozi. Mwili una maji mengi, na maji hunyonya mawimbi ya masafa haya, kiasi kwamba transmita iliyobanwa tumboni huku risiva ikiwa nyuma ya mzungumzaji inaweza kusikika vibaya katika umbali wa hatua chache. Ndiyo maana risiva yangu huiweka juu kuliko vichwa vya watu, mahali inapoliona jukwaa, antena zake mbili zikiwa zimetanuliwa kama herufi V. Risiva hii husikiliza kwa antena zote mbili na kuchagua ile yenye mawimbi mazuri kila wakati, lakini haiwezi kuchagua kizuri ikiwa zote mbili zimefichwa ndani ya kabati la chuma.

Watu huniuliza kama kifaa kinachovaliwa mwilini kwa saa nyingi kinadhuru. Nguvu ya SK 100 G4 ni miliwati 30, ilhali simu ya mfumo wa GSM katika MHz 900 huruhusiwa kufikia wati 2 kwa vipindi vifupi, yaani zaidi ya mara sitini ya nguvu hiyo. Kwa mtu mwenye afya sioni sababu ya hofu. Hata hivyo, aliyepandikizwa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo aulizwe kabla ya kufungwa, na kama daktari wake hajamruhusu, apewe maiki ya kusimamishwa. Nimeongeza swali hilo kwenye karatasi ninayowapa waandaaji siku moja kabla, kwa sababu si kila mtu atapenda kulijibu mbele ya watu.

Hatari iliyo karibu zaidi nasi ni betri. Transmita hutumia betri mbili za AA, na maelezo ya kiwandani yanataja takriban saa 8 za kazi. Kwa betri nzuri za alkalini nimezipata bila wasiwasi. Kwa betri za bei rahisi zisizojulikana asili, nimeona taa nyekundu ikianza kupepesa kabla hotuba ya pili haijaisha. Usichanganye betri mpya na kuukuu, usijaribu kuchaji za alkalini, na usiziache ndani kifaa kinapolala wiki nzima kwenye sanduku, kwani zikivuja dawa yake hula vigusio vya chuma na kuunguza ngozi ya atakayefungua. Mwenye kazi nyingi anunue betri ya BA 2015 ya kampuni hiyohiyo, ambayo huchajiwa ikiwa ndani ya transmita kwenye chaja maalumu.

Jasho na unyevu wa pwani ni adui wa pili. Baada ya kazi nafuta transmita na waya kwa kitambaa kikavu, nafungua kifuniko cha betri, na naviacha vipigwe upepo kabla ya kuvirudisha kwenye sanduku lenye vifuko vya kunyonya unyevu.

Kuna jambo la mwisho la usalama, na hili ni la heshima ya mtu. Transmita iliyowashwa haijui kama mhadhiri yuko jukwaani au ametoka nje kupokea simu ya nyumbani. Mwaka wangu wa kwanza niliacha sauti wazi kwenye mixa, na ukumbi mzima ukamsikia mhadhiri akizungumza kwa simu na ndugu yake mgonjwa. Kosa lilikuwa langu, na nilikwenda kumwomba mhadhiri radhi nyumbani kwake. Tangu hapo mkono wangu hushusha mixa mzungumzaji anapotoka jukwaani, hata kama amesema ameizima mwenyewe. SK 100 G4 ina swichi ya kunyamazisha juu yake, na risiva huonyesha kwenye kioo kwamba transmita imenyamazishwa, hivyo fundi makini hahitaji kubahatisha. Aidha, mawimbi yake ni ya analojia na hayana usimbaji, kwa hiyo mwenye kipokezi kinachofaa karibu na ukumbi anaweza kuyasikiliza. Kwa kikao cha siri cha bodi au cha familia, sitaipendekeza. Hapo waya bado ni bora.

Antena yake haichomoki, kwa hiyo ikivunjika ni kazi ya fundi aliyebobea. Vitufe vya kupangia vimefichwa chini ya kifuniko cha betri, jambo linalomchelewesha fundi mwenye haraka lakini linalomzuia mzungumzaji kubadilisha masafa kwa kidole kisichotulia, nami kwa hilo nawaunga mkono waliobuni. Kwa msikiti, kanisa, shule au fundi anayefanya kazi kila wiki, seti moja ya toleo la A, G au B, pamoja na mkanda wa kitambaa na maiki moja ya akiba, inatosha kuanzia. Maiki ya akiba isisahauliwe, kwa kuwa waya wa maiki huchoka mapema sana kuliko transmita, na kwa kawaida hukatika pale unapoingia kwenye plagi.