Sakafu ya bustani ya nyumbani: aina tano, kuanzia ya kununua kwanza

Watu wengi wakienda kununua sakafu ya ua huanza na rangi. Wanasimama mbele ya sampuli, wanachagua inayopendeza, kisha mengine yote wanamwachia fundi. Hilo linaeleweka, maana rangi ndiyo utakayoitazama kila siku. Lakini sakafu ya nje ikiharibika, mara nyingi tofali lenyewe bado ni zima. Limetitia kwa kuwa ardhi ya chini haikushindiliwa, au limelegea kwa kuwa maji yalikosa pa kupita, au limesogea kwa kuwa pembeni hapakuwekwa kingo.

Ndiyo maana orodha hii nimeipanga kwa maswali mawili tu. Mvua ikinyesha, maji yanakwenda wapi? Na siku ikilazimu kufukua, bomba limepasuka au mzizi umeinua sakafu, je, itarudi ilivyokuwa?

Anza na kile kitakachofukiwa

Kabla ya kulinganisha bei za matofali, mwulize fundi atachimba kina gani. Jibu lake litakuambia mengi. Hesabu yenyewe ni nyepesi: mahali pa kutembea kwa miguu unahitaji tofali la sentimita 6, mchanga wa kulazia sentimita 3 hadi 4, na chini yake kokoto zilizoshindiliwa zisizopungua sentimita 10. Jumla ni kama sentimita 20. Mahali pa kupitisha gari, tofali liwe la sentimita 8 na kokoto zifike sentimita 15 hadi 20, kwa hiyo shimo linakaribia sentimita 30. Fundi anayesema atakwangua juu kidogo kisha amwage mchanga anakuuzia sakafu ya msimu mmoja.

Udongo wa juu, ule mweusi wenye mizizi, uondolewe wote, kwa sababu unaendelea kuoza na kupungua chini ya sakafu. Kokoto za msingi ziwe za mchanganyiko, kubwa, ndogo na vumbi lake, ili ndogo zizibe nafasi za kubwa. Zishindiliwe kwa mashine kwa tabaka, kila tabaka lisizidi sentimita 15. Ukimwaga zote mara moja na kupitisha mashine juu, sehemu ya chini inabaki imelegea hata kama juu panaonekana pagumu. Kama udongo wako ni wa mfinyanzi, tandika kwanza kitambaa cha kutenganisha udongo. Bila hicho, matope hupanda taratibu na kokoto huzama.

Kuna kosa moja ninaloomba ulikatae papo hapo: kusawazisha mabonde ya msingi kwa kuongeza mchanga. Mchanga wa kulazia lazima uwe na unene uleule kila mahali. Palipo na mchanga mwingi ndipo patakapotitia, na utaona dimbwi hapohapo mvua kubwa ikija.

Mteremko uwe sentimita 1 kwa kila sentimita 60 hadi 80, kuelekea mbali na nyumba. Kwa baraza la mita 4, ukingo wa nje utakuwa chini kwa sentimita 5 hadi 7 kuliko ukingo wa ndani. Kwa macho hutauona, lakini maji yatauona. Na kama ukuta wa nyumba una tabaka la kuzuia unyevu, uso wa sakafu ukae angalau sentimita 15 chini yake, la sivyo matone yanayoruka kutoka sakafuni yatalowesha ukuta juu ya kinga yake.

1. Vitofali vya pevingi

Vitofali vya zege, pevingi au kabro kama wengine wanavyoviita, ninaviweka juu bila kusita. Havigandishwi kwa saruji. Vinakaa juu ya mchanga, vinabanwa na kingo pembeni na mchanga mwembamba katikati, na uzito unaokanyaga kimoja unagawanywa kwa majirani zake. Bomba likipasuka, unang'oa vitofali kadhaa, unatengeneza, unashindilia upya, unavirudisha vilevile. Sakafu nyingine nyingi katika orodha hii zingekuachia kiraka.

Kwa njia ya gari, chagua mpangilio wa mfupa wa samaki, ambapo kila kitofali kinagota ubavuni mwa mwenzake kwa pembe mraba. Mpangilio huo ndio unaostahimili zaidi magurudumu yanayokata kona na kufunga breki. Mistari iliyonyooka ni mizuri kwa vijia vya miguu, lakini chini ya gari huanza kusogea.

Unapokwenda kuchagua, gonganisha vitofali viwili: vizuri hutoa mlio mkali, vibovu hutoa mlio mzito na kumeguka kona. Pima unene wa vichache kutoka mafungu tofauti. Vikitofautiana kwa milimita nyingi, hakuna fundi atakayekutolea uso ulio sawa. Ulizia vimekaa siku ngapi tangu vitengenezwe, kwa sababu nguvu ya zege kwa kawaida hupimwa ikifikisha siku 28, na vitofali vilivyopakiwa vikiwa bado vichanga hulika haraka. Kuhusu rangi, omba kimoja kivunjwe. Rangi iliyo juu tu kama ngozi itachakaa mapema kuliko ile iliyoingia ndani.

Vile vya sentimita 20 kwa 10 vinaingia 50 katika mita moja ya mraba. Ua wa mita za mraba 40 unataka 2,000, uongeze asilimia 5 ya vitakavyokatwa na kuvunjika, au 10 kama mpangilio umelazwa mshazari. Nunua vyote kwa mkupuo mmoja, kwa kuwa rangi hubadilika kutoka toleo moja hadi jingine, na fundi achanganye vya mafungu mbalimbali anapolaza. Unga mweupe ukijitokeza miezi ya mwanzo usikutishe. Ni chumvi za saruji zinazopanda na unyevu, na mvua huziondoa zenyewe.

Kingo ndizo watu wanazokatia gharama, na ndizo zinazoshika kazi nzima. Ziwekwe kwenye zege kabla vitofali havijalazwa. Pasipo kingo, safu ya nje husogea, mchanga wa katikati hutoka, na ulegevu huendelea kuingia ndani safu kwa safu.

Vipo pia vitofali vya kupitisha maji, vyenye nafasi pana zinazojazwa vijiwe safi, juu ya msingi wa kokoto zisizo na vumbi. Kama ua wako ni tambarare na maji hayana mtaro, hivi ndivyo ningekuomba uvifikirie kwanza. Milimita 30 za mvua juu ya mita za mraba 40 ni lita 1,200, na maji hayo yasipoingia ardhini yataenda kwako ndani au kwa jirani. Uingereza ililichukulia jambo hili kwa uzito: tangu Oktoba 2008, anayetaka kufunika zaidi ya mita za mraba 5 za bustani ya mbele kwa sakafu isiyopitisha maji, bila kuyaelekeza maji mahali pa kunywea, anatakiwa kuomba kibali cha mipango miji.

2. Kokoto za kupendezesha

Ni rahisi kuliko zote kuweka, maji yanapita moja kwa moja, na ukitaka kufukua unazisogeza kwa reki. Nafasi ya pili inazistahili kabisa, ila kwa masharti. Ziwe zenye pembe, za milimita 10 hadi 20, kwa kuwa za duara, zile laini za mtoni, huteleza chini ya mguu na gurudumu. Kina cha sentimita 5 kinatosha juu ya msingi ulioshindiliwa. Ukizidisha, mtu anatembea akizama. Weka kitambaa chini yake na kingo pembeni.

Usiziweke kwenye mteremko mkali, wala mahali ambapo mwenye kiti cha magurudumu au mkongojo atapita kila siku. Kwa hali hiyo tumia vyandarua vya plastiki vyenye vyumba kama sega la nyuki: kokoto hukaa ndani ya vyumba na hazisogei, na hata gari linapita. Chini ya mti unaopukutisha majani, jiandae kufagia, kwani majani yakioza katikati ya mawe magugu yanapata udongo wa kuotea.

3. Mawe ya asili

Kwa uzuri, haya yangekuwa namba moja. Nimeyashusha kwa sababu yanadai fundi hodari, na kwa sababu jina la jiwe peke yake halikuhakikishii ubora.

Itale, yaani graniti, ni gumu, hunywa maji kidogo sana, na huvumilia karibu kila kitu. Sleti nzuri ni imara, mbaya hubanduka magamba. Mawe ya mchanga yana joto la rangi lisilopatikana kwingine, lakini mengine yana tabaka zinazoachana, hivyo kagua ubavu wa bamba: ukiona mistari inayofunguka, liache. Mawe ya chokaa na marumaru huliwa na tindikali. Dondoshea siki au maji ya ndimu mgongoni mwa sampuli, na likitoa povu ujue kila juisi ya matunda itakayomwagika pale itaacha alama. Dondoshea pia maji ya kawaida. Yakizama papo hapo, jiwe hilo litanyonya na mafuta pia.

Usikubali jiwe lililosuguliwa hadi kung'aa kwa matumizi ya nje, hata ukipewa bei ya kutupa. Likilowa linaangusha watu. Taka uso uliochomwa kwa moto, uliogongwa au uliopasuliwa kiasili.

Mabamba yalazwe juu ya kitanda kamili cha mchanga na saruji, chini pote pakiwa pamejaa. Wapo mafundi wanaoweka mafungu matano tu ya saruji chini ya bamba, manne kwenye kona na moja katikati, ili kuokoa saruji na muda. Bamba lililolazwa hivyo lina uwazi chini, maji yanakaa humo, mafungu yanatokeza madoa juu, na siku kitu kizito kikiangukia kona, inapasuka. Ukigonga kwa mpini wa nyundo utasikia mlio wa utupu. Gonga kila bamba kabla ya kulipa.

4. Zege la kumwaga

Zege ni imara na halipitishi magugu. Shida yake ni kwamba likipasuka limepasuka, na kiraka hakifichiki kamwe. Kwa kuwa zege lolote husinyaa linapokauka, nyufa hazizuiliki, unachoweza ni kuzichagulia mahali. Bamba la sentimita 10 likatwe mistari kila mita 2.5 hadi 3, kwa kina cha robo ya unene, ndani ya siku moja hivi tangu kumwagwa. Limwagiliwe maji au lifunikwe lisikauke kwa siku 7, na gari lisipite mapema. Lile la kugandamizwa nakshi linapendeza, ila kinga yake ya juu inahitaji kupakwa upya kila baada ya miaka michache, na muuzaji akuambie hilo kabla hujatoa pesa.

5. Vigae vya poseleni

Havinywi madoa, havipauki, kuvisafisha ni kazi ndogo. Ninaviweka mwisho kwa sababu havisamehi. Chukua vya unene wa milimita 20 vilivyotengenezwa kwa ajili ya nje, vyenye alama ya kuzuia utelezi ya R11 au zaidi. Kwa kuwa vinanyonya maji chini ya asilimia 0.5, saruji haishiki mgongo wake wenyewe. Lazima upakwe rojo maalumu la kugundisha kabla ya kulazwa. Fundi asiyelijua rojo hilo asiviguse. Vigae vyembamba vya sebuleni visitoke nje hata kidogo.

Ukuta wa kuzuia udongo ni kazi nyingine

Kama bustani iko kwenye mteremko, pengine utahitaji ukuta, na hapa nakusihi usitafute wa bei ya chini. Mita moja ya ujazo ya udongo uliolowa inaweza kukaribia tani 2, na maji yaliyonaswa nyuma ya ukuta ndiyo huongeza msukumo unaouangusha. Nyuma yake kuwe na kokoto safi, kitambaa, bomba lenye matundu chini, na vitobo vya kutolea maji usoni. Ukipita kimo cha mita 1, mlipe mhandisi auchore. Vizimba vya waya vilivyojazwa mawe ni chaguo zuri sana, kwa sababu maji yanapita katikati yake yenyewe.

Kumchagua fundi

Usimwombe picha za kazi mpya, kwa kuwa kila sakafu inapendeza siku ya kwanza. Omba kuona iliyopita misimu miwili ya mvua, na ukifika tazama kingo, pembe za mifuniko ya chemba, na mahali gari linapokata kona. Makadirio yaandikwe: kina cha kuchimba, unene wa kila tabaka, aina ya kokoto, mwelekeo wa mteremko, nani anabeba kifusi. Makadirio mawili yakipishana sana bei, tofauti mara nyingi imefichwa kwenye msingi.

Lipa kwa hatua, na hatua moja iwe msingi ukiwa umeshindiliwa na bado uko wazi. Pita na rula, chomeka, pima, piga picha, ndipo mchanga umwagwe. Malipo ya mwisho yabaki mkononi mwako hadi umeweka pimamaji na kumimina maji kwa mpira juu ya sakafu yote. Yakibaki madimbwi mahali popote, vitofali hivyo ving'olewe na kulazwa upya wakati mashine bado iko uani.