TAHADHARI: "Nafasi za kujitolea kambini" Kigoma ni utapeli, wanafunzi msitume hela

Wakuu, hasa wadogo zangu wa vyuo mliorudi Kigoma likizo ndefu: kuna tangazo linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp la "vijana 200 wa vyuo vikuu kujitolea kambi za wakimbizi Nyarugusu, Nduta na Mtendeli". Wiki nane, posho elfu 25 kwa siku, na cheti juu. Hakuna kitu hapo. Ni wezi.

Nina steshenari Mwanga, kwa hiyo hizo barua zao zinachapwa kwangu na watoto wa watu wanaokuja wakicheka kwa furaha.

Hela wanaikamua kidogo kidogo. Kwanza elfu 15 ya fomu. Kesho yake unapigiwa na dada mwenye sauti laini, anakupongeza umechaguliwa, imebaki elfu 35 tu ya kitambulisho, fulana na kibali cha kuingia kambini. Ukishatoa 15 unaona uchungu kuiacha ipotee, unaongeza hiyo 35. Halafu inakuja ya bima. Mwisho mnaambiwa mkutane stendi ya Kasulu Jumatatu saa mbili asubuhi, gari la mradi litawachukua. Kuna waliotoka Dodoma na mabegi yao wakashinda pale mpaka jioni wakichungulia kila Land Cruiser nyeupe inayopita.

Isomeni barua yenyewe kama watu wa Kigoma. Inasema Nyarugusu iko wilaya ya Kibondo. Nyarugusu ni Kasulu, njia ya Makere. Ya Kibondo ni Nduta. Mtendeli ya Kakonko ilifungwa mwaka 2021, sasa huyo anayepangiwa Mtendeli anakwenda kumhudumia nani? Juu kuna nembo ya UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, chini barua pepe ya Gmail. UNHCR hawatozi ada kwenye hatua yoyote ya maombi, na anwani zao huishia na unhcr.org. UNV, mpango wa Umoja wa Mataifa wa kujitolea, nao kujisajili ni bure, ila uwe umetimiza miaka 18. Kibali cha kuingia kambini ni cha Wizara ya Mambo ya Ndani, idara ya wakimbizi. Hakinunuliwi kwa lipa namba.

Linaloniumiza zaidi ni fomu yao ya mtandaoni. Inataka namba ya NIDA, picha ya kitambulisho pande zote mbili, na namba ya mtihani wa kidato cha nne, ile ile mnayotumia kuombea mkopo. Elfu 50 utaisahau. Taarifa zako zikishakuwa mikononi mwa watu hawa, huwezi kuzirudisha. Na akikupigia mtu akikuomba usome tarakimu zilizoingia kwenye meseji, kata simu.

Mabinti, usaili wa kuitiwa lodge saa moja usiku msiende. Kuna aliyeitwa, alikwenda na kaka yake, na "meneja" hakutokea.

Sasa wamegeuza kibao. Toleo jipya ni la Gombe: kupanda miti na kuhesabu sokwe, boti ya bure kutoka Kibirizi, ada elfu 20. Gombe ni hifadhi ya taifa, iko chini ya TANAPA. Mwanafunzi wa uhasibu mwaka wa kwanza hapelekwi kuhesabu sokwe kwa tangazo la WhatsApp.

Anayetaka kujitolea kweli aende na barua ya chuo kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri yake, au shule na zahanati ya karibu. Posho huenda usiione, lakini utamjua aliyekupokea kwa sura. Shirika usilolijua, uliza usajili wake kwa Msajili wa NGO. Hapo halmashauri pia wanasaidia.

Kama umetuma hela sasa hivi, piga 100 huduma kwa wateja hapo hapo kabla hawajaitoa. Namba ya tapeli itume kwenda 15040. Mlioweka NIDA pigeni *106# muone laini zilizosajiliwa kwa jina lenu. Meseji za muamala msizifute hata kama zinawatia hasira, polisi watazitaka. Mwenye namba za hao matapeli tofauti na nilizonazo, zinazoishia 47 na 90, aniandikie inboksi, nazikusanya tupeleke kituoni kwa pamoja.