Mikisa ya umeme ya lita 140: kazi inafanya, ila muuzaji kanipiga kamba

Nimekaa na hii mikisa ndogo ya umeme, yaani mashine ya kuchanganyia zege, miezi minne sasa, nimemwaga nayo jamvi (zege la sakafu), ngazi na linta kadhaa (boriti za juu ya milango na madirisha), kwahiyo siongelei kitu nilichokiangalia dukani tu. Mashine ni nzuri, sijutii, ila yule muuzaji aliniambia "bosi hii inakula mfuko mzima" na mimi na akili zangu nikaitikia.

Hesabu yenyewe piga hapa. Mfuko wa kilo 50 ni kama lita 35 za simenti, ukienda 1 kwa 2 kwa 4 unaweka mchanga lita 70 na kokoto 140, jumla 245 hujatia hata tone la maji. Pipa ni lita 140, na hizo ni mpaka mdomoni likiwa wima, wakati likizunguka lazima lilale. Huo mfuko unaingia wapi sasa? Siku ya kwanza tukajaribu nusu mfuko, likaanza kututemea kokoto miguuni, mota inalia hadi nikaizima mwenyewe. Siku hizi napima kwa ndoo ya lita 10, simenti moja, mchanga mbili, kokoto nne, maji kama lita 7, na mchanga ukiwa umenyeshewa napunguza maji maana tayari unakuja nayo. Hapo inazunguka bila kelele. Natanguliza nusu ya maji na kokoto, halafu simenti na mchanga, ndo namalizia maji, coz ukitanguliza simenti kavu inaganda kule chini na utaigonga na patasi jioni nzima. Vikishaingia vyote naipa dakika 2 mpaka rangi iwe moja.

Kwa mkono nako tumekoroga sana, kugeuza kavu kwenye sakafu safi mara tatu, kutoboa shimo katikati, maji kidogo kidogo, na simenti unaongeza kama asilimia 10 kwa sababu beleshi haichanganyi sawa na pipa. Mgongo wangu hautaki kukumbushwa.

Sasa malalamiko. Kifuniko cha gia ni plastiki laini, kilipasuka wiki ya tatu, meno ya gia yakabaki nje yanasubiri kidole au mkono wa shati. Fundi wa kuchomelea akatuwekea cha bati nene. Hilo ningesamehe. Nisichosamehe ni swichi. Umeme ulikatika tukiwa katikati ya kazi, kijana akaona ndo nafasi ya kukwangua zege lililoganda ndani, akazamisha mkono mpaka bega. Nikamfokea toa mkono, hata sijui nini kilinituma, akautoa analalamika, hazikupita hata dakika mbili umeme ukarudi na pipa likaanza kuzunguka lenyewe. Lenyewe jamani! Swichi ya mashine kama hii inatakiwa umeme ukikatika ibaki imezima mpaka mtu abonyeze tena, kwahiyo kabla hujalipa jaribu, iwashe, chomoa plagi, chomeka tena, ikizunguka bila kuguswa achana nayo. Sisi sasa umeme ukikata cha kwanza ni plagi nje, na beleshi haliingii pipani likiwa linatembea hata iweje.

Kingine hakihusu mashine ila kimenikuta nikiitumia. Mikisa inakupa kiburi, unaona hushiki kitu kwahiyo glavu za nini, buti za nini. Nilimwaga jamvi na viatu vifupi, zege likaingia ndani ya soksi, nikaendelea kwa sababu si mnajua zege halilali. Haikuuma kabisa. Jioni navua soksi ngozi ya kifundo inatoka nayo, nyekundu, ina unyevu. Simenti mbichi inaunguza taratibu kama magadi makali, hupati ile ya kushtuka ukaruka. Ikiingia kwenye kiatu simamisha kazi, vua, mwagia maji mengi ya bomba. Na vumbi pia, mfuko upasulie chini kwenye karai sio juu ya mdomo wa pipa usoni kwako, barakoa na miwani viwepo.

Magurudumu poa, waya mfupi, kuosha rahisi ukitia kokoto na maji ikazunguka kidogo kabla zege halijakauka. Naipa nyota tatu, ya nne imeliwa na swichi.