Dawa za fangasi ya kucha kwenye rafu za kemisti za Nairobi

Ukucha wa gumba la mguu ukishageuka manjano, ukanenepa na kuanza kumeguka ncha, wengi jijini hupitia kemisti iliyo karibu na stendi, huonyesha kidole na kuuziwa tyubu ya krimu. Krimu ya klotrimazoli ni dawa nzuri ya ngozi, lakini kwa ukucha haifui dafu. Fangasi hujificha kati ya ukucha na nyama, na krimu haiwezi kupenya gamba gumu lililo juu yake. Tumezipitia hapa dawa zinazopatikana kwa urahisi katikati ya mji na mitaani, tukieleza kila moja inamfaa nani, hutumiwaje na pesa za mnunuzi hupotelea wapi.

Kabla ya dawa yoyote, lipia kipimo. Karibu nusu ya kucha zinazoonekana zimeharibika hazina fangasi kabisa. Ugonjwa wa soriasisi huunenepesha na kuuinua ukucha vilevile, ila mara nyingi huacha vishimo vidogo vidogo juu yake, na mwenyewe huwa na magamba kwenye viwiko, magoti au kichwani. Kiatu kinachogonga gumba kila hatua, hasa cha kukimbilia, huuharibu ukucha polepole kwa miaka. Ukucha uliobadilika kuwa wa kijani chini ya gel, ile rangi ngumu ya saluni, una bakteria aitwaye Pseudomonas, na tembe za fangasi hazimgusi. Mtu anayemeza dawa miezi 3 kwa matatizo kama haya analitwisha ini lake mzigo wa bure.

Kipimo chenyewe ni rahisi kikifanywa vizuri. Ukucha husafishwa kwa spiriti, sehemu iliyoachana na nyama hukatwa, kisha ule unga ulio chini yake hukwanguliwa ndani kadiri inavyowezekana kuelekea shina. Huko ndiko fangasi iliyo hai hukaa. Ncha mara nyingi ina mabaki yaliyokufa, na hapo ndipo majibu mengi ya "hakuna kitu" hutokea. Ukiona fundi wa maabara amekata kipande cha ncha tu, mwombe akwangue. Unga hulainishwa kwa potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 hadi 20 na kuangaliwa kwa hadubini, kwa hiyo jibu linaweza kutoka siku hiyo hiyo. Kuotesha fangasi maabarani huchukua wiki 2 hadi 4, na ndiko kunakoonyesha kama ni Trichophyton rubrum, ambayo ndiyo ya kawaida kabisa miguuni, au ni kandida, fangasi ya jamii ya hamira, au ni ukungu wa aina nyingine. Acha krimu ya fangasi wiki 2 kabla ya kwenda, na uondoe rangi na gel. Hospitali za rufaa zenye kliniki ya ngozi, kama Kenyatta, na maabara kubwa za binafsi hufanya kazi hii. Uliza kwanza kama wanakwangua ukucha, maana maabara ndogo nyingi zimezoea damu na mkojo tu.

Kuna kucha ambazo hazipaswi kuishia kemisti. Kwetu watu weusi, mistari ya kahawia kwenye kucha kadhaa ni hali ya kawaida. Mstari mmoja mweusi kwenye ukucha mmoja, unaozidi kupanuka au kumwaga weusi kwenye ngozi ya kando, ni wa kuonwa na daktari wa ngozi upesi kwa sababu unaweza kuwa saratani. Bob Marley alifariki mwaka 1981 kwa saratani ya ngozi iliyoanzia kidole cha mguu. Weupe unaoanzia kwenye shina la ukucha na kwenda mbele, badala ya kuanzia ncha, ni dalili ya kupima Virusi vya Ukimwi ikiwa hujapimwa karibuni. Na mwenye kisukari asijikwangue wala kujikata mwenyewe. Kidonda kidogo cha mguu kwake kinaweza kugeuka balaa.

Amorolfini ya asilimia 5, dawa ya kupaka kama rangi

Hii ndiyo dawa ambayo watu huinunua kwa matumaini makubwa na kuiacha kwa hasira, na kosa mara nyingi liko kwenye matumizi. Inamfaa mtu ambaye ubovu umekula chini ya nusu ya ukucha, haujafika shina, na uko kwenye ukucha mmoja au miwili. Zaidi ya hapo usiinunue ukitegemea iponye peke yake.

Hupakwa mara moja kwa wiki. Kata ukucha mfupi, halafu usugue uso wake kwa tupa hadi upungue unene na upoteze ung'avu. Hatua hii ndiyo inayoifungulia dawa njia, na ndiyo inayorukwa na wengi. Tupa iliyogusa ukucha mbovu isiguse ukucha mzima kamwe. Tupa za karatasi zitupwe. Futa kwa pamba yenye spiriti ili mabaki ya dawa ya wiki iliyopita yatoke, kwani kupaka juu ya tabaka la zamani ni kuongeza unene tu. Paka ukucha mzima kwa kijiti chake, bila kukifuta kijiti kwenye mdomo wa chupa, la sivyo kifuniko kitaganda na dawa itakauka. Subiri dakika 3 hadi 5. Rangi ya urembo inaweza kupakwa juu baada ya dakika 10, lakini kucha za kubandika hapana.

Kwa kucha za mikono hesabu miezi 6, na za miguu miezi 9 hadi 12. Chupa ndogo ya mililita 5 hudumu muda mrefu kwa ukucha mmoja, kwa hiyo gharama haiko mbaya kama bei ya rafuni inavyotisha. Anayepaka miezi miwili, akaona nafuu na kuacha, atarudi alipoanza.

Siklopiroksi ya asilimia 8, nayo ya kupaka kama rangi, hupakwa kila siku kwa wiki 48, na majaribio yaliyofanywa Marekani yalionyesha kwamba chini ya mgonjwa 1 kati ya 10 ndiye aliyepona kabisa. Kazi ni nyingi, malipo madogo. Tungeichukua tu kwa mtu asiyeweza kumeza tembe na aliyekosa amorolfini.

Terbinafini ya miligramu 250

Kwa ukucha ulioshikwa hadi shina, au kucha nyingi, hakuna kwenye rafu kinachoizidi. Tembe 1 kwa siku, wiki 6 kwa kucha za mikono na wiki 12 kwa za miguu, yaani tembe 84. Piga hesabu ya tembe zote 84 kabla ya kulipia pakiti ya kwanza, na ulinganishe kemisti mbili tatu, kwa sababu dawa hii ina watengenezaji wengi na bei hutofautiana sana. Anayenunua tembe 14 "aone kwanza" amezitupa pesa zake.

Mahali watu wanapokata tamaa ni mwisho wa wiki ya 12, ukucha ukiwa bado mbaya. Ndivyo inavyotarajiwa. Ukucha wa mguu hukua milimita 1 hadi 2 hivi kwa mwezi, wa mkono kama milimita 3, na ule uliokwisha kuharibika hauponi. Husukumwa mbele na kukatwa. Gumba huhitaji miezi 12 hadi 18 kuwa safi kabisa. Terbinafini hubaki ndani ya ukucha miezi kadhaa baada ya tembe ya mwisho, kwa hiyo kuongeza pakiti kwa sababu ya sura ya ukucha si lazima.

Pima ini kabla ya kuanza, na mwenye ugonjwa wa ini asiitumie. Ukiwa unameza, mkojo ukawa wa rangi ya chai ya mkandaa, macho yakawa manjano, au chakula kikapoteza ladha, acha na umwone daktari. Taja dawa zako nyingine zote, hasa za mfadhaiko na za moyo, kwa sababu terbinafini huchelewesha mwili kuzitoa baadhi yake.

Itrakonazoli ni ya pili, na ni bora pale majibu ya maabara yanapotaja kandida. Humezwa miligramu 200 mara 2 kwa siku kwa wiki 1, kisha kupumzika wiki 3. Mizunguko 2 kwa mikono, 3 kwa miguu. Kapsuli huhitaji chakula na asidi ya tumboni, hivyo anayemeza omeprazoli au dawa ya kiungulia hunyonya dawa kidogo mno na kudhani imeshindwa. Mwenye moyo dhaifu asiiguse, wala anayemeza simvastatini, dawa ya kushusha kolesteroli. Anayetumia ARV ampe mfamasia majina kamili, kwa kuwa baadhi hushusha nguvu ya itrakonazoli na nyingine huipandisha kupita kiasi.

Kapsuli moja ya flukonazoli ya miligramu 150, ile inayouzwa kwa fangasi za ukeni, haifanyi lolote kwa ukucha. Ili ifae, humezwa kila wiki kwa miezi 6 au zaidi, mara nyingi hadi mwaka kwa mguu. Tembe za ketokonazoli zikataliwe moja kwa moja: mwaka 2013 wadhibiti wa dawa wa Ulaya walipendekeza ziondolewe sokoni, na wa Marekani wakaonya zisitumiwe kwa ngozi na kucha, kwa sababu ya madhara kwenye ini.

Usinunue tembe za kuhesabiwa na kutiwa kwenye bahasha ya karatasi. Utakosa tarehe ya kuisha na namba ya toleo, na kwa dawa ya miezi 3 hayo ni mambo ya lazima. Leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu iwe ukutani, panapoonekana.

Krimu ya "tatu kwa moja"

Hii ndiyo dawa tunayotamani iondoke kwenye kaunta. Ndani yake mna dawa ya fangasi, antibiotiki, na steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho, tena kali kama betamethasoni. Steroidi huzima mwasho ndani ya siku mbili, ndiyo maana inasifiwa, lakini hapo hapo hulaza kinga ya ngozi. Choa hupoteza ule mviringo wake unaotambulika, hutambaa kimyakimya, na krimu ikiachwa hulipuka ikiwa pana zaidi. Kwenye mapaja ya ndani ngozi hukonda na kupasuka michirizi isiyofutika. Usoni huleta chunusi na kubadilisha rangi. Soma boksi: ukiona neno linaloishia na -sone, au neno clobetasol, irudishe.

Choa cha mwilini hutibiwa na klotrimazoli tupu ya asilimia 1, mara 2 kwa siku kwa wiki 2 hadi 4, au terbinafini ya asilimia 1, mara 1 kwa siku kwa wiki 1 hadi 2. Paka hadi sentimita 2 nje ya mpaka wa choa. Klotrimazoli iendelee wiki 1 au 2 baada ya ngozi kuonekana safi. Vidole vya mguu vikiwa na fangasi, vitibu pamoja na ukucha, maana humo ndimo ukucha huambukizwa upya.

Mapunye ya watoto ni jambo jingine. Krimu haifiki kwenye mzizi wa nywele, na mama anaweza kumaliza tyubu tatu huku mtoto akinyolewa shuleni kila wiki. Dawa ni ya kumeza, griseofulvini, inayopimwa kwa uzito wa mtoto, kwa wiki 6 hadi 8, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta. Mba wa mabaka meupe kifuani na mgongoni huondolewa kwa shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2: paka mwilini, acha dakika 5, suuza, kwa siku 5. Rangi hurudi baada ya miezi, na hilo halimaanishi dawa imeshindwa.

Mama fua na mama mboga wenye kucha zilizovimba kwenye shina, zikiuma na kupoteza ule utando wa ngozi unaoziba, mara nyingi huuziwa tembe za fangasi. Chanzo kikubwa ni maji na sabuni. Glavu za mpira juu ya glavu nyepesi za pamba, mikono kukaushwa kila mara, na mafuta ya mgando kwenye shina la ukucha husaidia kuliko kapsuli. Na hapa, tofauti na kwenye choa, daktari anaweza kuandika steroidi kwa muda mfupi.

Kuhusu saluni, beba tupa na mkasi wako. Kisanduku chenye taa ya buluu hakitoshi kuua fangasi. Vyombo vya chuma vinahitaji mvuke wa shinikizo. Viatu vya mtumba kutoka soko la Gikomba havina ubaya vikitolewa soli ya ndani, vikasuguliwa, vikakauka kabisa na kunyunyiziwa poda ya mikonazoli ya asilimia 2 kabla ya kuvaliwa. Soksi zifuliwe kwa maji ya moto ya nyuzi 60, na jozi moja ya viatu isivaliwe siku mbili mfululizo, hasa miezi ya baridi ya Juni hadi Agosti ambapo havikauki usiku.

Siku unapoanza dawa, chora mstari mwembamba kwa tupa pale ukucha mzima unapokutana na mbovu. Uangalie kila mwezi. Mstari ukisogea mbele na nyuma yake kukabaki ukucha safi, dawa inafanya kazi hata kama sura bado haipendezi. Ubovu ukiuvuka mstari kurudi upande wa shina, usinunue pakiti nyingine. Rudi kwa daktari na uombe kipimo cha kuotesha.