Siku mbili Amani na Kidato cha Tatu: uzoefu wangu

Nianze na malalamiko ili yaishe. Safari hii ya wanafunzi 42 kutoka Tanga mjini kwenda Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani tuliipanga kupitia wakala mmoja ambaye jina lake naliweka kapuni. Kila mtoto alichanga shilingi 65,000 na tukaahidiwa kosta mbili. Alfajiri likaja basi moja kubwa la safari ndefu, na dereva hajawahi kupanda mlima ule hata siku moja. Mpaka Muheza ni lami, watoto wanaimba, machungwa yananunuliwa dirishani. Baada ya hapo ni vumbi, na ukishapita Zigi barabara inajikunja kona juu ya kona, huku mlima, huku korongo. Usiku wake mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye kona moja basi likaserereka kurudi nyuma, si sana, lakini nyimbo zilikatika zote kwa pamoja. Nikawashusha. Tukamalizia kwa miguu, mabegi yakapandishwa na lori la shambani lililotuonea huruma. Masaa matatu yakaenda hivyo. Kwa hiyo kama unapeleka shule, usikubali basi kubwa hata wakikuapia.

Mengine yote ya huduma yalikuwa sawa. Viingilio tulilipa kwa kontroli namba na risiti tukapata. Malazi ni ya kawaida, vitanda visafi, blanketi mbili na unazihitaji zote. Wali maharage ulitosha. Mtandao wa simu unakuja na kuondoka, jambo ambalo mimi kama mwalimu nililifurahia kimyakimya.

Sasa msitu wenyewe. Mwongozaji wetu alikuwa kijana wa Kisambaa aliyezaliwa hukohuko, na ndiye aliyeifanya safari. Tulipokuwa tumesimama Zigi, kwenye jengo la stesheni ya zamani ya reli ya Mjerumani, hakuanza na historia. Aliwauliza watoto: "Nyumbani kwenu maji mnachota wapi?" Bombani, wakajibu. Akawaonyesha mto Zigi unavyoshuka kwenye mawe, akasema bomba lenu linaanzia hapa, yanapita bwawa la Mabayani ndipo yanafika kwenu. Msichana mmoja akainama akachota kwa kiganja, akanywa, akasema ladha si ile. Kila mtu akataka kuonja.

Juu huko kuna bustani ya mimea iliyoachwa na taasisi ya utafiti waliyoianzisha Wajerumani mwaka 1902, miti ya kila pembe ya dunia imepandwa mle. Watoto walichoka kidogo na majina ya Kilatini, na siwalaumu. Walichangamka tulipofika kwenye msizi. Mti huu si wa milima hii ya Usambara, uliletwa kupandwa kwa ajili ya mbao, nao ukakimbilia msituni na kuanza kuibana miti ya asili. Unasambaaje? Mwongozaji akanyoosha kidole juu. Hondohondo walikuwa wanapita, na kama hujawahi kusikia mabawa yao, ni mvumo kama wa mtu anayepiga mkeka mzito. Wanakula matunda ya msizi na kwenda kuangusha mbegu mbali. Mwanafunzi wangu mmoja, mbishi kila kipindi, akauliza: "Kwa hiyo hondohondo ndiye adui wa msitu?" Kijana akacheka, akamwambia hondohondo haulizi mti umetoka wapi, aliyeukaribisha ni mtu. Mimi nimefundisha ikolojia miaka tisa, na sijawahi kupata swali na jibu vikae vizuri namna ile darasani.

Matembezi ya usiku msiyaache. Tochi ikimulika, kinyonga aliyelala anang'aa mweupe kwenye kijiti. Tulimwona mmoja mdogo kama kidole gumba, wa rangi ya jani bovu, ambaye mchana ungemkanyaga. Wavulana wenye sauti nene ndio waliokimbia kwanza. Kwetu pwani kinyonga bado anaogopwa, tusidanganyane.

Lakini kilichonifanya niandike ni kijiji, na hapo ndipo nawadai wakala. Kwenye ratiba kijiji kimepewa saa moja tu, siku ya pili, kati ya chai na kuondoka, kama nyongeza. Tulipokelewa na bibi mmoja na binti zake. Watoto wakaamkia, akaitikia marahaba, kisha akawafundisha kumwamkia kwa Kisambaa, onga mshi, mpaka wakaipata. Akatupeleka kwenye iliki zake. Wote tulikuwa tunatazama juu, kwenye majani, tunatafuta punje. Bibi akapiga magoti, akafukua majani makavu kwenye shina, na punje zikawa pale chini, karibu ziguse udongo. "Nyie mnazila kwenye pilau kila sikukuu, hamjui zinakaa wapi?"

Iliki inataka kivuli cha miti mikubwa, na ugomvi wote uko hapo. Kuilima unafyeka chini ya msitu, miche ya miti inakosa kukua, msitu unazeeka bila watoto. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, vipande vya msitu vilipounganishwa kupitia ukanda wa msitu wa Derema, wakulima waliokuwa na iliki humo walitolewa kwa fidia ya mazao. Bibi alilisema bila hasira: "Hela tulikula. Iliki ingekuwa inazaa mpaka leo." Mwongozaji, ambaye mshahara wake unatokana na hifadhi, alikuwa amesimama palepale. Akamwita shangazi, akasema ni kweli, lakini na mto nao unautegemea msitu. Wakaanza kubishana kwa Kisambaa, kwa heshima zote, watoto wamewazunguka. Ndipo honi ikapigwa, muda umekwisha.

Kabla ya kuondoka nilimuuliza bibi kuhusu "mchango wa kijiji", 5,000 kwa kila mtoto, iliyokuwa ndani ya ile 65,000. Hakuwahi kuusikia. Tulizungusha kofia, tukapata 38,000, akatufungia iliki kwenye gazeti tukazikataa mara mbili na mara ya tatu tukazichukua. Wakala nimempigia, anasema "inashughulikiwa".

Msitu, mwongozaji na kijiji nawapa nyota tano. Wakala nampa mbili, moja ni ya wali. Mwakani nataka siku tatu, kosta mbili tutakazozikodi wenyewe, na siku nzima kijijini, hela tumkabidhi bibi mkononi. Mkuu wa shule ameniambia nimletee bajeti.