Rangi ya maji ya akriliki kwenye kuta za Goma: uzoefu wangu

Rangi ninayoizungumzia ni ile ya maji, akriliki ya nje, inayouzwa kwa ndoo ya lita 20. Katika kituo chetu cha sanaa tumeipaka kwenye kuta za barabarani, nyingine za lipu laini, nyingine za makoro matupu, yaani mawe ya lava yasiyo na lipu. Nyeupe yake ni nzuri kweli, na ningeinunua tena hata kesho. Nyekundu na njano kali zinazotoka kiwandani zimekwisha changanywa, hizo sitazigusa tena. Na ukiwa na ukuta wa makoro, usiiamini hesabu iliyoandikwa kwenye ndoo.

Tuanze na hesabu hiyo. Ndoo inasema lita moja inatosha mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, yaani kupaka mara moja. Kwenye lipu laini ni kweli. Ukuta wa mita 18 kwa 2.5 ni mita za mraba 45, kwa hiyo mikono miwili ya nyeupe inakula lita 9, na nusu ya ndoo inabaki ya kuchanganyia rangi nyingine. Kwenye makoro, lita ile ile haipiti mita 5. Lile jiwe lina matundu kama mkate, na kila tundu linataka rangi yake. Ukuta ule ule unakula lita 18, ndoo inakwisha kabla hujachora jicho la mtu. Tena maungio ya sima (saruji) hunywa rangi tofauti na jiwe, kwa hiyo picha inakuwa na mistari usiyoichora.

Ndiyo maana siku hizi nashauri hivi: yaache makoro yaonekane. Ndiyo sura ya Goma, na hakuna rangi inayolishinda jiwe lile jeusi likilowa mvua. Piga lipu pale tu panapokaa picha, ndoo moja ya sima kwa nne za mchanga, kisha usubiri siku 28. Hapo ndipo wengi wanapoharibu kazi, kwa sababu sherehe ya uzinduzi imekwisha tangazwa na ukuta bado mbichi. Sima mbichi ina ukali kama wa magadi. Ukipaka rangi ya mafuta juu yake, mafuta yanageuka sabuni, kabisa kama sabuni ya kupikwa nyumbani, na rangi inalainika na kubanduka. Rangi ya maji huvumilia zaidi, lakini nayo hutoa malengelenge, na chumvi nyeupe hujitokeza kama unga. Chumvi hiyo isugue kwa brashi kavu. Ukiiosha, maji yanaiyeyusha na kuirudisha ndani ya ukuta, wiki ijayo unaikuta pale pale.

Kipimo cha unyevu hakigharimu kitu. Kata nailoni inayoonyesha, sentimita 45 kwa 45, ibane ukutani kwa skochi (utepe wa gundi) pande zote nne, iache saa 16. Ukikuta matone upande wa ndani, usipake. Angalia pia juu ya ukuta: kama hauna kofia ya sima, maji ya mvua yanaingilia huko na kusukuma rangi kutoka nyuma. Ukuta unaozuia udongo wa kilima sikubali kuuchora kabisa.

Mkono wa kwanza nauzimua, sehemu 7 za rangi kwa 3 za maji, ili uingie ndani ya lipu. Mikono inayofuata, maji yasizidi kikombe kimoja kwa vikombe kumi vya rangi. Ukizidisha, gundi inakuwa nyepesi na rangi inaacha unga mkononi. Kabla ya kununua ndoo mpya, paka kipande cha ubao, kiache wiki moja juani, kisha kisugue kwa kitambaa cheusi kilicholowa. Kitambaa kikitoka cheupe, rangi hiyo ina chokaa nyingi na gundi kidogo. Chokaa inaliwa na maji yenye asidi, na sisi tunaishi chini ya volkano ya Nyiragongo, ambayo moshi wake huifanya mvua kuwa kali.

Jua nalo. Goma iko karibu na ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na jua la hapa halina huruma kwa rangi za kung'aa. Nyekundu ya kiwandani niliyoitumia ilififia ikawa waridi wakati nyeusi na kahawia za pembeni bado zinasimama. Dawa yake ni poda ya oksidi ya chuma, ile ile mafundi wanayotia kwenye sima ya sakafu nyekundu. Usiimwage kavu kwenye ndoo, itaganda vidonge. Ikoroge kwanza na maji mpaka iwe kama uji mzito, ichuje kwa soksi ya nailoni, ndipo uiongeze kwenye nyeupe kijiko kwa kijiko. Haitoi wekundu wa nyanya. Inatoa wekundu wa tofali, na huo unadumu.

Mvua ya hapa hupenda kuja mchana, basi anzeni saa moja asubuhi na mweke brashi chini saa nane. Rangi ikinyeshewa kabla haijashika, hutoa michirizi ya kahawia yenye kunata, hasa kwenye rangi nyeusi. Msiogope. Ikikauka, ioshe kwa maji na sifongo.

Kwa kuchora na watoto wa mtaa, mchoro wa sentimita 90 kwa 12.5 wenye miraba ya sentimita 2.5 unalingana mraba kwa mraba na ukuta ule wa mita 18 wenye miraba ya sentimita 50: miraba 180. Andika namba ya rangi ndani ya kila umbo, na namba hiyo hiyo kwenye kopo. Watu 12 kwa wakati mmoja wanatosha. Wakizidi wanakanyagana na makopo yanamwagika. Sentimita 40 za chini zipakwe kijivu cha giza, kwa sababu pikipiki zitarusha tope jeusi hapo kila mvua. Vanishi ya maji isiyong'aa naipaka mita 1.5 za chini tu, baada ya wiki mbili. Ile ya mafuta hugeuka njano, iacheni.

Kabla ya yote, pateni karatasi iliyosainiwa na mwenye ukuta, kituo na shefu wa avenyi (kiongozi wa barabara yenu): picha ikae miaka mingapi, nani anairekebisha, na kwamba tangazo la biashara halipakwi juu yake. Sanamu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, pale kwenye mzunguko inapendwa kwa sababu watu wanajiona ndani yake, lakini ukuta wa mtu binafsi unahitaji maandishi. Na wekeni lita moja ya kila rangi, mchanganyiko wake umeandikwa kwenye kifuniko: «nyeupe lita 2, uji wa oksidi vijiko 3». Bila hiyo, kiraka cha mwaka ujao hakitafanana na ukuta.